Moyo Mmoja wa Oscar: Usawiri wa Mwanamke katika Manga na Anime



Swali la usawiri wa mwanamke si geni kwetu. Kila aliyesoma fasihi sekondari amewahi kuulizwa mwandishi fulani amemsawiri vipi mwanamke, naye akajibu kwa orodha tunayoifahamu sote: mama mlezi, mke mvumilivu, chombo cha starehe, mwanamapinduzi. Leo naomba tulitoe swali hilo kwenye riwaya na tamthiliya tulipeleke kwenye manga, yaani vitabu vya hadithi za picha vya Japani, na kwenye anime, filamu za katuni ambazo nyingi huzaliwa na vitabu hivyo. Vijana wetu wanazitazama kwenye simu hadi usiku wa manane. Wanawajua wahusika kwa majina, wanawajua na wachoraji. Sisi wakubwa tumekaa pembeni tukisema hivyo ni vibonzo vya watoto. Si haki. Sanaa inayomwonyesha binti yako jinsi mwanamke anavyofanana inastahili kujadiliwa kwa uzito uleule tunaompa Kezilahabi au Said Ahmed Mohamed.

Tena ina ugumu wake wa pekee. Mwandishi wa riwaya anaweza kusema msichana alikuwa mzuri, akatuachia sisi kazi ya kumwona. Mchoraji wa manga hana ruhusa hiyo. Lazima aamue macho yawe makubwa kiasi gani, miguu iwe mirefu kiasi gani, nywele zikatwe wapi, sketi iishie wapi, mabega yapinde au yasimame. Akishaamua, ataurudia uamuzi huo katika mamia ya kurasa. Ndiyo maana kila mhusika wa kike wa manga ni mkusanyiko wa maamuzi, na kila uamuzi una mwenyewe aliyeufanya. Swali ninalotaka kulifuata leo ni hili: mchoraji anapompa mwanamke nguvu, nguvu hiyo anaichota wapi?

Tuanze na Osamu Tezuka. Alizaliwa mwaka 1928, akakulia katika mji wa Takarazuka, karibu na Osaka. Mji huo una ukumbi wa maonyesho ulioanza kazi mwaka 1914, na jukwaani hawapandi ila wanawake. Wao ndio wafalme na malkia, maaskari na wachumba. Mama yake Tezuka alikuwa akimpeleka huko tangu utotoni, na alichokiona hakikumtoka. Mwaka 1953, katika gazeti la wasichana liitwalo Shōjo Club, alianza kuchapisha Ribon no Kishi, hadithi ya binti mfalme Sapphire. Sheria ya nchi yake hairuhusu mwanamke kurithi kiti, kwa hiyo analelewa kama mwana wa kiume, na adui zake wako macho kutafuta ushahidi wa kumfichua.

Wakati ule jambo hili lilikuwa la moto. Wanawake wa Japani walipiga kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa Bunge wa mwaka 1946. Katiba mpya iliyoanza kutumika mwaka 1947 ikatamka usawa wa mume na mke. Lakini mwaka huohuo sheria ya nasaba ya kifalme ikabakiza kiti cha enzi kwa wanaume peke yao, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Msomaji wa miaka 10 aliyefungua Shōjo Club alikuwa anaishi ndani ya mgongano huo, ajue asijue.

Sasa angalieni Tezuka alivyoutatua. Sapphire ni hodari wa upanga kwa sababu kabla ya kuzaliwa malaika mtundu aitwaye Tink alimpa moyo wa kiume, kisha akapewa na wa kike. Ana mioyo miwili. Wa kiume ukimtoka, ustadi wa upanga unamtoka nao. Nampenda sana Sapphire, na bila yeye huenda hawa wengine nitakaowataja wasingekuwepo. Lakini hesabu yake iko wazi mbele ya macho: ushujaa wake si wake. Ni mali ya kiume iliyowekwa ndani yake kwa makosa ya malaika, na hadithi inapofika mwisho anaolewa, mambo yanarudi mahali pake.

Kabla sijaendelea, niseme jambo kuhusu macho, maana najua kuna mkono utanyooshwa. Watu huuliza kwa nini macho ya wasichana hawa ni makubwa hivyo, na wengi wamekwisha kujijibu kwamba Wajapani wanajichora kama Wazungu. Jibu hilo ni la haraka mno. Tezuka kweli alijifunza mengi kutoka katuni za Marekani, za Disney hasa. Ila macho ya manga ya wasichana yana ukoo mwingine pia. Yupo Jun'ichi Nakahara, mchoraji wa majarida ya wasichana tangu kabla ya vita, ambaye wasichana wake walikuwa na macho mapana yenye huzuni. Yupo Macoto Takahashi, ambaye katika miaka ya 1950 aliyatia macho hayo nyota na mng'aro. Manga huchapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi ya bei rahisi. Pua ni nukta, mdomo ni mstari. Panapobaki pa kuonyesha mtu anawaza nini ni machoni tu. Nyota ile ndani ya mboni inamwambia msomaji kwamba huyu anaona, anatamani, anaogopa, anaficha. Wachoraji wa wasichana walipoyapanua macho walikuwa wanatengeneza nafasi ya kuweka nafsi.

Na hiyo nafasi ikapata wenyewe katika miaka ya 1970. Hapo mwanzo manga nyingi za wasichana zilikuwa zikichorwa na wanaume. Kisha kikaja kizazi cha wanawake waliozaliwa mara tu baada ya vita: Moto Hagio, Keiko Takemiya, Yumiko Ōshima, Ryōko Yamagishi. Waliuvunja ukurasa wenyewe. Visanduku vya picha vikapoteza kingo, mwili wa mhusika ukasimama wima kutoka juu ya ukurasa hadi chini, na mawazo yake yakaandikwa hewani, nje ya puto la maneno. Msomaji hakuwa tena anamtazama msichana kutoka nje. Alikuwa ndani yake.

Wa rika hilohilo ni Riyoko Ikeda, na hapa nitakaa kidogo.

Ikeda alizaliwa mwaka 1947. Alisoma falsafa chuo kikuu na aliingia katika harakati za vijana za mrengo wa kushoto. Alikuwa amesoma wasifu wa Marie Antoinette ulioandikwa na Stefan Zweig, na akataka kuugeuza kuwa manga. Wahariri walisita: wasichana watataka historia ya Ufaransa ya nini? Mwaka 1972, akiwa na miaka 24, alianza kuichapisha hadithi hiyo katika jarida la kila wiki la Margaret, ikaendelea hadi 1973. Jina lake ni Berusaiyu no Bara, Waridi la Versailles. Mhusika mkuu alikusudiwa kuwa malkia Marie Antoinette mwenyewe. Wasomaji wakamchagua mwingine, mlinzi wa malkia, na mwandishi akawasikiliza.

Mlinzi huyo ni Oscar François de Jarjayes. Baba yake ni jenerali aliyejaliwa mabinti watupu. Anapozaliwa wa sita, jenerali anakata shauri: huyu atalelewa kama mwana wa kiume na atashika kazi ya ukoo. Hakuna malaika wala uchawi wala moyo wa pili. Kuna mtoto aliyepewa upanga mapema na akafundishwa kuutumia. Oscar ana moyo mmoja, na ni wa mwanamke. Kila anachokiweza, anakiweza kwa sababu alifunzwa. Kati ya 1953 na 1972 ni miaka 19 tu, lakini kati ya Sapphire na Oscar naona bonde zima.

Mtazameni alivyochorwa. Ni mrefu, mabega yamenyooka, sare ina vifungo na mapambo ya mabegani, upanga uko kiunoni. Nywele ni za mawimbi, hazikukatwa ili afanane na mwanamume. Kope ni ndefu. Ikeda hakumpunguzia chochote cha kike ili amwongezee ujasiri, na hakumwacha aombe radhi kwa lolote kati ya hayo mawili. Tena mchoro wenyewe unakua. Katika kurasa za mwanzo uso wa Oscar ni wa mviringo, wa kijana mdogo. Kadiri miaka ya hadithi inavyopita uso unarefuka, macho yanapungua upana, kivuli kinaingia chini ya mashavu. Anafika miaka 33. Wahusika wa kike wa katuni wanaoruhusiwa kuzeeka ni wachache mpaka leo.

Kuna mahali pawili katika hadithi hii ningependa kila mchoraji kijana apasome kwa makini. Pa kwanza, Oscar anavaa gauni. Ni mara moja tu, ili acheze dansi na Fersen, mwanamume anayempenda lakini ambaye moyo wake uko kwa malkia. Kazi nyingi za aina hii zingefanya gauni liwe ufunuo: kumbe alikuwa mwanamke wakati wote! Ikeda anafanya kinyume. Gauni ndilo linaloonekana vazi la kujificha, na anapolivua hajivuni wala haaibiki. Amejua alichotaka kujua, basi.

Pa pili, baba yake anajuta. Mapinduzi yananukia, anaogopea maisha ya binti yake, anataka kumwoza upesi. Anaandaa karamu ya kuwaita wachumba. Oscar anatokea kwenye karamu ile akiwa na sare kamili ya kijeshi na anacheza na mabibi. Msomaji anacheka, lakini baadaye binti anapoongea na baba yake kicheko kinakoma. Hamlaumu. Anamshukuru, kwa sababu malezi yale yalimfungulia dunia pana ambayo wanawake wa zama zake hawakuruhusiwa hata kuichungulia. Huyu ni mtu anayeyatazama maisha aliyochaguliwa na mwingine, kisha anayachagua upya mwenyewe.

Na chaguo lake lina gharama. Anaacha ulinzi wa malkia, anahamia kikosi cha Walinzi wa Kifaransa, ambako askari ni maskini na hawataki kuamrishwa na mwanamke wa tabaka la juu. Anaugua kifua, anakohoa damu. Anampenda mwishoni André, mjukuu wa yaya wake, mtu asiye na cheo, naye André anauawa mara tu baada ya kupatana. Tarehe 14 Julai 1789 Oscar anaongoza mizinga dhidi ya ngome ya Bastille, anapigwa risasi, anakufa. Ni kweli kihistoria kwamba askari wa kikosi hicho waliungana na umma siku ile. Ikeda alipachika mwanamke wa kubuni mahali ambapo historia ilikuwa na nafasi, na mamilioni ya wasichana wakamlilia kana kwamba walimzika.

Mwaka 1974 ukumbi wa Takarazuka uliiweka hadithi hii jukwaani, na imekuwa ikirudi huko tangu hapo. Ukumbi uliomzaa Sapphire akilini mwa mtoto Tezuka ulimpokea Oscar. Wasichana waliokuwa na miaka 12 mwaka 1972 walikuwa na miaka 25 mwaka 1985, Bunge la Japani lilipopitisha sheria ya fursa sawa katika ajira. Sisemi Oscar ndiye aliyeileta sheria. Nasema wale waliokwenda kuomba kazi chini ya sheria ile walikuwa wamekwisha kumwona mwanamke akiamrisha.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1973, uleule ambao hadithi ya Oscar ilimalizika, katika jarida la wavulana, mchoraji Go Nagai alianza Cutie Honey. Naye ni shujaa wa kike, naye hubadilika kuwa mpiganaji. Lakini kila anapobadilika nguo zinampasuka mwilini, na kisanduku cha picha kinasimama hapo msomaji mvulana ashibe macho. Tuliseme hili bila kuzungukazunguka: sehemu kubwa ya anime imejengwa juu ya macho hayo ya pembeni. Wasichana wa shule wenye sketi zisizofunika kitu, vifua vinavyochorwa kana kwamba vina uzito wao wa pekee, kamera inayotambaa chini wakati mhusika anaongea jambo zito. Mzazi anayekerwa ana haki ya kukerwa. Na linapohusu watoto, wahusika waliochorwa kama wasichana wa miaka 12 na kuwekwa kwenye mikao ya tamaa, mimi sioni sanaa ya kuitetea hapo.

Lakini tusidhani kwamba urembo wenyewe ndio kosa. Mwishoni mwa 1991 Naoko Takeuchi, mwanamke aliyesomea ufamasia, alianza Sailor Moon katika jarida la Nakayoshi. Machi 1992 ikaingia kwenye televisheni, ikaendelea kwa vipindi 200 hadi 1997. Wasichana wenye uwezo wa ajabu walikuwepo tangu Sally wa mwaka 1966, ila wengi walitumia uchawi kwa mambo ya nyumbani na ya shule. Takeuchi alichukua vikosi vya mashujaa wa rangi mbalimbali vya televisheni ya wavulana akawavisha utepe, rangi ya kucha na hereni, na akawapa dunia waiokoe.

Usagi, kiongozi wao, ana miaka 14. Analia ovyo, anachelewa shule, anafeli mitihani, anapenda kula. Hakuna baba aliyemlea kama mvulana wala moyo wa kiume uliopotea njia. Anaokoa watu akiwa hivyohivyo alivyo. Oscar alilazimika kuwa bora kuliko wanaume wote waliomzunguka ndipo apewe amri. Usagi anaongoza akiwa mtoto wa kawaida, na hiyo pia ni haki iliyokuwa bado haijapatikana.

Fedha zilikuwa na sauti yake, bila shaka. Sehemu ile ya kubadilika, mwanga, utepe, kucha zinazopata rangi, ilichorwa mara moja ikarudiwa kipindi baada ya kipindi, na hivyo kuokoa gharama. Kila bangili na fimbo ilikuwa na mfano wake wa kuchezea dukani. Hata hivyo, ndani ya biashara hiyo kulikuwa na Haruka, mkimbiza magari mwenye nywele fupi na suti ya kiume, mrithi wa wazi wa Oscar na wa Takarazuka, pamoja na mpenzi wake Michiru, mpiga fidla. Toleo la Kiingereza lililotangazwa Marekani liliwageuza kuwa mabinamu. Waliotafsiri walielewa vizuri kabisa walichokuwa wanakiona. Ndiyo maana walikificha.

Sasa niingie mahali panaponiuma zaidi. Mwaka 1995 kilitoka kipindi cha Neon Genesis Evangelion, na ndani yake msichana anayeitwa Rei Ayanami, aliyechorwa na Yoshiyuki Sadamoto. Nywele za buluu zilizokatwa fupi, macho mekundu, ngozi iliyopauka, bandeji jichoni, sauti ya chini. Karibu hasemi. Rei ni kiumbe aliyetengenezwa, ana nakala zake zilizohifadhiwa, na Kamanda Gendo amemwandaa kwa mpango wake mwenyewe. Mwisho wa hadithi, katika filamu ya mwaka 1997, Rei anamkatalia Gendo. Hakubali kuwa mwanasesere wake. Ni moja ya nyakati kubwa kabisa katika sanaa hii.

Soko lilifanya nini? Lilimfanya mwanasesere. Lilichukua ukimya, nywele fupi za rangi baridi na ule upauko, likavitenga na hadithi, na ndani ya miaka michache wasichana wakimya waliopauka wakajaa katika vipindi vingine. Mwanafalsafa Hiroki Azuma alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2001. Alisema mashabiki hawafuati tena hadithi, wanafuata vipande: masikio ya paka, kengele, vazi la mtumishi wa ndani, unywele mmoja uliosimama kama antena. Mfano wake ni Di Gi Charat, msichana aliyebuniwa mwaka 1998 kutangaza duka, aliyekuwa na vipande hivyo karibu vyote kwa pamoja na hakuwa na hadithi kabisa. Hadithi ilitungwa baadaye, alipokuwa amekwisha kupendwa.

Kutoka hapo ndipo tulipopata majina ambayo vijana waliomo humu ukumbini wanayatumia kila siku. Tsundere, mkali wa nje aliye laini ndani. Yandere, ambaye mapenzi yake yamegeuka wazimu. Kuudere, mtulivu asiyeonyesha hisia. Sina ugomvi na aina za wahusika. Sungura mjanja wa ngano zetu ni aina, na ametulea. Ugomvi wangu ni pale aina inapotangulia na mtu asifuate. Asuka, mwenzake Rei katika kipindi kilekile, huitwa tsundere, na ukali wake una chanzo: mama aliyepoteza akili, akamwona mwanasesere kuwa ndiye binti yake, kisha akajinyonga. Ukijua hilo, kila tusi la Asuka linasikika kama kilio cha kuomba aonekane. Waigaji walichukua tusi na shavu jekundu, wakaacha mama. Katika madaftari ya fasihi tungeandika kwamba mhusika duara amepondwa akawa bapa, tena na watu wanaosema wanampenda.

Sadamoto huyohuyo, miaka mitano kabla ya Rei, alimchora msichana mwingine ambaye sisi huku Afrika tunapaswa kumfahamu. Ni Nadia, wa kipindi cha Fushigi no Umi no Nadia, kilichorushwa na NHK kuanzia 1990 hadi 1991. Hadithi inaanzia Paris, wakati wa maonyesho makubwa ya mwaka 1889. Nadia ana miaka 14, ngozi yake ni ya maji ya kunde, ni mwanasarakasi, na anaamini kwao ni Afrika. Ana hasira za karibu, hali nyama, humkaripia kila anayemuua mnyama, na mara nyingi hana haki katika ugomvi wake. Ni mtu kamili, na kumweka msichana mweusi katikati ya kipindi kizima cha televisheni ya taifa ya Japani wakati ule lilikuwa jambo kubwa.

Lakini fuateni nasaba yake mpaka mwisho. Kwao kweli ni bara hili, katika ufalme wa Tartessos, na watawala wa Tartessos ni wazawa wa Atlantis. Yaani msichana mweusi anaruhusiwa kuwa binti mfalme, ila ufalme wake hauna chimbuko katika watu wa Afrika. Ni hesabu ileile ya Sapphire: thamani yake imeletwa kutoka kwingine. Na vazi lake la sarakasi limeacha tumbo wazi toka kipindi cha kwanza. Robo karne baadaye, mwaka 2016, manga ya The Promised Neverland ilianza kuchapishwa ikiwa na Dada Krone, mlezi mweusi mwenye tamaa ya cheo, na mchoro ukampa midomo iliyokuzwa na macho ya kutoka nje katikati ya wahusika wengine wenye nyuso laini. Hadithi inampa akili na mwisho wa kusikitisha. Mkono wa mchoraji unamnyang'anya heshima hiyo. Wapo waliolalamika, na walikuwa na haki.

Sasa ninyi mnaojifunza kuchora, mtaniuliza nifanyeje basi, nichore vipi? Nitawaonyesha msichana mmoja tu.

Hayao Miyazaki alitoa filamu ya Spirited Away mwaka 2001. Mhusika wake Chihiro ana miaka 10, na Miyazaki alisema wazi kwamba aliifikiria filamu kwa ajili ya wasichana wa umri huo, akiwa na mawazo juu ya binti wa rafiki yake. Chihiro si mrembo. Uso wake ni bapa, miguu ni njiti, fulana imemzidi. Tunamkuta amelala kiti cha nyuma cha gari, amenuna. Wazazi wake wanageuzwa nguruwe na yeye anaajiriwa katika nyumba ya kuogea miungu, mwenye nyumba anamnyang'anya hata jina.

Angalieni anavyoshuka ile ngazi ndefu ya nje. Haruki kama shujaa. Anakaa, anateleza kidaraja kimoja kimoja kwa makalio, mikono imeng'ang'ania ukuta, mpaka ubao unakatika na miguu inamkimbiza yenyewe mpaka chini. Baadaye, akivaa viatu, anagonga ncha ya kiatu sakafuni ili kidole kiingie vizuri. Ni chini ya sekunde moja. Hakuna kinachotokea katika hadithi kwa sababu ya kidole kile. Lakini mchoraji aliyekaa akachora picha kadhaa za mguu unaogonga sakafu alikuwa amemwona mtoto halisi akivaa viatu, akamheshimu. Rafiki yake Haku anapompa tonge la wali, Chihiro anatafuna na machozi yanatoka makubwa kuliko kawaida ya mwili wa binadamu, na hakuna anayejiuliza kama amependeza akilia. Nguvu yake inatoka kwenye kazi: kupiga deki, kubeba maji, kuvuta kamba ya kumsafisha mungu wa mto aliyejaa takataka. Hakuna aliyempa. Kwa karibu miaka 20 hiyo ndiyo filamu iliyoongoza kwa mapato katika historia ya Japani.

Hiromu Arakawa, mwanamke aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido na kujichagulia jina la kalamu la kiume, alifanya jambo hilohilo kwa njia yake katika Fullmetal Alchemist, kati ya 2001 na 2010, tena ndani ya jarida la wavulana. Kuna mwanamke jenerali wa ngome ya baridi, kuna fundi wa viungo vya chuma, kuna mwanamke wa bucha anayeshinda kila mtu vitani kisha anajitambulisha kuwa mama wa nyumbani. Mikono yao imechorwa kama mikono ya watu wanaoshika vitu. Sitachukua muda zaidi juu yake, ila wavulana waliisoma kwa miaka tisa na hakuna aliyeitupa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachoraji vijana, wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Lubumbashi na kwingineko mnakochora wahusika wenu kwa mtindo huu wa Kijapani, ni hili. Nimeziona kazi zenu. Mnajua macho, mnajua nywele, mistari yenu ni safi. Lakini wasichana wenu wengi wana kiuno cha Tokyo na kazi yao ni kusimama. Nendeni mkawatazame mama zenu wakijifunga kanga, dada zenu wakipanda daladala na mtoto mgongoni, mwanafunzi anayesuka nywele huku anasoma. Chora anavyojishika pale anapochoka. Mpe jambo analolitaka, kisha umlipishe gharama yake kama Ikeda alivyomlipisha Oscar. Masikio ya paka, kama utayataka, yaje baadaye.

Na ninyi wazazi, msizime simu. Kaeni mtazame kipindi kimoja pamoja na mtoto, kisha mwulizeni yule msichana anataka nini. Mtoto akiwa na jibu, mwacheni aendelee. Akikosa la kusema zaidi ya kwamba ni mzuri, mtafutieni Spirited Away, na mkae naye mpaka mwisho.